Kompyuta Imegoma Kuwaka Baada ya Kugawa Diski: Iokoe D Kwanza

Waalaikumu salaam, Mwalimu. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja, na nauweka hapa kwa ufupi ili msomaji mwingine aliyefikwa na jambo kama hili ajue tunazungumzia nini. Unasomesha skuli ya sekondari huko Wete. Kompyuta yako mpakato ina Windows 10 na diski ya kuzunguka ya GB 500, ambayo upande wake wa C ulikuwa umejaa pomoni, hali D, yenye GB 300, ilikuwa na mafaili ya GB 45 tu. Ulipakua programu ya bure ya kugawa diski, ukaiagiza ichukue GB 60 kutoka D iziongeze C, nayo ikakutaka uzime na kuwasha upya. Skrini ikaja nyeusi, na asilimia zikapanda hadi 34 zikasimama hapo. Ulisubiri saa nzima, kisha ukakibana kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta ikazima. Tangu hapo kila ukiiwasha inaleta skrini ya buluu yenye namba 0xc000000e. Fundi wa jirani amekushauri apige Windows upya, na ndani ya D mna alama za wanafunzi za miaka 6. Unauliza kama ukubali.

Usikubali, Mwalimu, si kwa sasa. Fundi wako hakusema neno la ajabu, kwani akipiga Windows upya kompyuta itawaka, na pengine itawaka siku hiyo hiyo. Ila kuwaka kwa kompyuta na kusalimika kwa mafaili ni mambo mawili mbalimbali, na katika hali yako yanavutana: jitihada ya kuifanya Windows iwake mapema ndiyo inayoweza kuimaliza D. Kwa hiyo naomba uizime, uchomoe waya wa umeme, na usiiwashe tena, hata kwa kutazama tu kama imejirekebisha yenyewe, mpaka uwe umemaliza kusoma maelezo haya na kukusanya vifaa nitakavyovitaja.

Tuanze na kilichotokea ndani ya diski. Kwa mpango wa zamani uitwao MBR, uliokuja na kompyuta za mwaka 1983, mwanzoni kabisa mwa diski kuna kipande cha baiti 512, na ndani yake baiti 64 tu ndizo zinazoeleza mipaka: nafasi nne za baiti 16 kila moja, zikisema patisheni fulani, yaani sehemu ya diski kama C au D, inaanzia wapi na ina urefu gani. Mpango mpya zaidi, GPT, kwa kawaida una nafasi za patisheni 128 na huweka nakala ya pili ya orodha yake mwishoni mwa diski. Kwa mtu wa Pemba mfano wake uko karibu, nao ni hati ya shamba. Warithi wakigawana shamba la mikarafuu huandika mpaka unaanzia mwembe gani na kuishia mtaro upi. Hati ikipotea, au ikiandikwa vibaya, mikarafuu haing'oki, ila hakuna tena awezaye kusema upi ni wa nani. Kompyuta nyingi zinazogoma kuwaka baada ya programu hizi zimeharibikiwa na hati tu, na kwa hizo kazi ni nyepesi. Yako imeharibikiwa na hati, na juu ya hapo baadhi ya mikarafuu ilikuwa njiani inahamishwa.

Nasema hivyo kwa sababu ya agizo lenyewe ulilolitoa. C iko kushoto kwenye diski na D iko kulia, na patisheni haiwezi kurefuka ila kwa nafasi iliyoshikana nayo. Zile GB 60 zilikuwa tupu, lakini zilikuwa ndani ya D, wala hazikuwa mlangoni pa C. Ili zifike huko programu ililazimika kuifupisha D kwanza, kisha kuisogeza D nzima, pamoja na vyote vilivyomo, hatua ya GB 60 kwenda kulia, na mwisho ndipo iirefushe C. Kusogeza huko ndiyo kazi ndefu kuliko zote, na aghalabu ndiko kunakohesabiwa kwa asilimia ulizoziona. Tena, kwa kuwa makazi mapya ya D yanapandana na yale ya zamani, programu haiwezi kuanza kusogeza kutoka mwanzo, kwani ingevikanyaga vipande ambavyo bado haijavihamisha. Inaanzia mwisho: inakisogeza kipande cha mwisho, kisha kinachokitangulia, na hivyo hivyo kurudi nyuma. Ni kama safu ya watu waliokaa mkekani kwenye maulidi wanapotaka kumpisha mgeni upande wa mwanzo. Yule wa mwisho kabisa ndiye anayeanza kujisogeza.

Kwa mpangilio huo, uliposimamisha kazi kwenye asilimia 34, kilichokuwa kimehama ni sehemu ya mwisho ya D, na sehemu ya mwanzo ilikuwa bado iko pale pale. Hapa pana habari njema mbili, na nataka uzishike kwa sababu ndizo zinazonifanya nikuzuie usipige Windows. Ya kwanza ni kwamba daftari kuu la NTFS, mpango ambao Windows hupangia mafaili kwenye diski, lile linaloorodhesha majina ya mafaili yote na mahali yalipo, kwa patisheni kubwa iliyotengenezwa na Windows huanza takriban GB 3 tu kutoka mwanzo, kwa hiyo kuna matumaini makubwa kwamba halijaguswa. Ya pili ni bora zaidi: GB 60 za mwanzo za D, hata kama kusogeza kungefika asilimia 100, hazikanyagwi na kusogeza huko, kwa sababu upande wao wa kushoto hakuna kipande cha D kinachokuja kukaa juu yao. Zinaanza kufutika pale tu zitakapokabidhiwa C na Windows ikaanza kuandika humo. NTFS haipangi mafaili kwa mstari, hivyo siwezi kukuahidi kwamba GB 45 zako zote zimo katika hizo 60, lakini kwa patisheni iliyotumika kidogo kama yako nategemea kukuta sehemu kubwa.

Ile namba 0xc000000e nayo inasema jambo. Maana yake ni kwamba kiwashio cha Windows kilipatikana, kikasoma daftari lake la maelekezo liitwalo BCD, kisha kikakosa kifaa au mahali ambapo daftari lilikielekeza. Programu za kugawa diski mara nyingi huandika katika daftari hilo anwani ya muda ili zifanye kazi kabla Windows haijaamka, na zikikatishwa ghafla hazipati nafasi ya kuirudisha ya zamani. Diski iliyokufa kwa kawaida haifiki hata hapo.

Lipo jambo moja ambalo mafundi wengi hawalihesabu. Windows inapowaka hukagua kila patisheni, na ikikuta moja imewekewa alama kwamba ilikatishwa vibaya, huhesabu sekunde chache kisha huita chkdsk, programu yake ya kukagua diski, bila kumngoja mtu. Watu huiona chkdsk kama daktari wa mafaili, lakini kazi yake ni kuufanya mpangilio wa patisheni ukubaliane wenyewe kwa wenyewe, na faili lisilokubaliana na mpangilio hukatwa. Nililijua hili kwa kumtia mtu hasara. Miaka mingi nyuma nililetewa hapa Mjini kompyuta ya ofisi ndogo iliyokatikiwa na umeme katikati ya kusogeza patisheni; nikarekebisha kiwashio kwa dakika kumi, nikafurahi ilipowaka, na nilipokuwa nikitafuta chaja ya simu yangu chkdsk ikaanza kupita kwenye D. Nilipofungua D nilikuta folda moja iitwayo FOUND.000, na ndani yake mamia ya vipande vyenye majina kama FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, visivyojulikana kipi kilikuwa barua na kipi kilikuwa hesabu. Yule bibi mwenye ofisi hakunilaumu, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tangu siku hiyo siwashi Windows ya mtu kabla sijakamilisha nakala ya diski yake.

Sasa vifaa. Unahitaji kompyuta nyingine inayofanya kazi, flashi ya GB 8, diski ya nje ya TB 1 iliyo tupu, na umeme usiokatika, na hili la mwisho ndilo la kwanza kwa umuhimu. Tangu 2010 Pemba inapata umeme wa gridi kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, na hali si ile ya enzi za majenereta, lakini kwa kompyuta ambayo betri yake imekufa kama ulivyonieleza, kukatika kwa sekunde moja ni sawa na kukatika kwa siku nzima. Tafuta UPS, ile betri ya kushikilia umeme unapokatika, au ombeni skuli iwaruhusu mtumie chumba chenye betri za jua. Diski ya nje iwe imetayarishwa kwa NTFS. Ikiwa ni ya FAT32, mpango mwingine wa kupangia mafaili, haitapokea faili linalozidi GB 4, na sisi tunakwenda kutengeneza faili moja la zaidi ya GB 460.

Kwenye ile kompyuta nyingine iliyo nzima pakua SystemRescue, ambayo ni Linux ya uokoaji inayowaka kutoka kwenye flashi bila kuandika chochote kwenye diski ya ndani. Faili lake ni takriban GB 1, kwa hiyo bando la kawaida litatosha. Liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Kulinakili tu kama faili la kawaida hakutoshi. Kisha chomeka flashi kwenye kompyuta yako na, mara tu unapoiwasha, gonga gonga kitufe cha kuchagua kifaa cha kuwashia: kwa Dell na Lenovo mara nyingi ni F12, kwa HP ni F9. Flashi ikikataliwa, ingia kwenye mipangilio ya kompyuta uzime kinachoitwa Secure Boot. Ila ikiwa uliwahi kuona alama ya kufuli juu ya C au D, diski yako imefungwa kwa BitLocker, na hapo usiguse mipangilio hiyo mpaka uwe umepata ule ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa wengi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yao ya Microsoft. Bila ufunguo huo nakala ya diski utaipata, lakini haitasomeka.

Flashi ikishawaka utaona maandishi meupe na mahali pa kuandika amri. Andika:

lsblk

Itakuja orodha ya diski zote, na hapa utulie. Ya ndani, ile ya GB 500, itaonekana na ukubwa wa 465.8G, ya nje, ile ya TB 1, itakuwa 931.5G, na flashi itakuwa ndogo kuliko zote. Majina yao yatakuwa sda, sdb, sdc, lakini usikariri jina kutoka kwangu, kwa sababu mpangilio hubadilika; tambua kila moja kwa ukubwa wake. Tuseme ya ndani ni sda, na ya nje ni sdb yenye patisheni sdb1. Amri zitakuwa hizi tatu, moja baada ya nyingine:

mkdir /mnt/nakala
ntfs-3g /dev/sdb1 /mnt/nakala
ddrescue -d /dev/sda /mnt/nakala/diski.img /mnt/nakala/diski.map

Amri ya tatu inasoma diski ya ndani baiti kwa baiti na kuiweka kama faili moja kwenye diski ya nje. Kinachotangulia ndicho kinachosomwa, kinachofuata ndicho kinachoandikwa. Ukivigeuza utakuwa umeandika juu ya alama za wanafunzi wako kwa mkono wako mwenyewe. Faili la diski.map ni kumbukumbu ya kazi ilipofikia, na kwa sehemu zetu lina thamani kubwa, kwani umeme ukikatika utafungua tena diski ya nje kwa amri mbili za mwanzo, urudie ya tatu kama ilivyo, na kazi itaendelea ilipoishia. Kwa tundu la USB la zamani, lenye kasi ya takriban MB 30 kwa sekunde, tegemea saa tano hivi.

Nakala ikikamilika, diski ya ndani iache kabisa, tufanye kazi kwenye nakala. Tutatumia TestDisk, programu ya kutafuta patisheni zilizopotea. Andika testdisk /mnt/nakala/diski.img, kubali aina ya mipaka itakayopendekezwa, chagua Analyse kisha Quick Search, na kama D haikuonekana endelea na Deeper Search. Huenda ukaiona D mara mbili, moja ikianzia pale pa zamani na nyingine GB 60 mbele yake. Chagua ya zamani na ubonyeze P, nayo itakufungulia orodha ya folda zako. Bonyeza a ili kuyachagua yote, kisha C kubwa ili kuyanakili, ukiyaelekeza kwenye folda mpya ndani ya diski ya nje. Usichague Write popote.

Ukiona majina ya mafaili yako yote yamepangika kama ulivyoyaacha, Mwalimu, mshukuru Mungu lakini usitangaze bado. Majina yanatoka kwenye daftari kuu, na daftari laweza kuwa zima hali yaliyomo yamehama. Peleka diski ya nje kwenye kompyuta nzima uyafungue mafaili ya alama moja moja, mwaka kwa mwaka, darasa kwa darasa. Yatakayofunguka yako salama. Yatakayokataa ni yale yaliyokuwa upande wa mwisho wa D, na hayo nayo hayajapotea: yapo GB 60 mbele ya pale daftari linapoonesha. Mtaalamu anayejua kuisoma nakala kwa kuruka umbali huo ataweza kuyapata. Mwambie maneno hayo hayo, ataelewa. Njia nyepesi zaidi ni PhotoRec, iliyomo humo humo kwenye SystemRescue, ambayo hutambua faili kwa umbo lake bila kujali orodha. Kasoro yake ni kwamba haikurudishii majina, na faili lililokaa vipande vipande hulikosa, hivyo itakubidi ukae jioni kadhaa ukifungua na kubandika majina upya.

Hapo ndipo tunaiwasha kompyuta, na sehemu hii ni fupi. Kwenye kompyuta nzima tengeneza flashi ya kusakinishia Windows kwa zana ya Microsoft yenyewe, iwashe kompyuta yako kwa hiyo flashi, na badala ya kusakinisha chagua Repair your computer, kisha Troubleshoot, kisha Command Prompt. Andika diskpart, halafu list disk. Nyota ikionekana chini ya neno Gpt, diski yako ni ya mpango mpya. Andika list volume utafute patisheni ndogo ya FAT32, mara nyingi ya MB 100. Tuseme ni namba 3: andika select volume 3, assign letter=S, kisha exit. Hakikisha pia herufi ya patisheni yenye Windows, maana huku inaweza kuitwa D badala ya C. Halafu:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Amri hiyo inaandika daftari jipya la kuwashia. Kama nyota haikuonekana, patisheni ya kuipa herufi S ni ile ndogo iitwayo System Reserved, neno la mwisho liwe BIOS, na baadaye uandike bootrec /fixmbr. Windows ikishawaka, fungua Disk Management, ambayo ni zana yake yenyewe, uifute D iliyovurugika, urefushe C kwa GB 60 zilizo jirani yake, na nafasi iliyobaki uitengenezee D mpya. Ndiyo njia ambayo ungeweza kuipita tangu mwanzo bila programu yoyote. Lile faili la diski.img usilifute mpaka alama zote ziwe zimehakikiwa.

Wapo wanaoniandikia kwamba hawakuagiza kugawa chochote. Walisakinisha programu tu, na kompyuta ikagoma kwa skrini yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Kwao mafaili hayajaguswa. Baadhi ya programu hizi hupachika dreva yake, kijiprogramu cha kuzungumza na kifaa, kwenye njia ya diski, na dreva hiyo ikikosekana au ikigombana na Windows, njia inaziba. Waingie Troubleshoot wajaribu kwanza System Restore. Ikishindikana, fundi afungue rejista ya Windows hiyo kutoka nje na kukagua UpperFilters ya diski, ambayo kwa kawaida huwa na partmgr, na BootExecute, ambayo kwa kawaida husomeka autocheck autochk *. Jina la programu likionekana hapo, ndilo lililoziba njia.

Iwapo ddrescue itaanza kuhesabu makosa ya kusoma, au ukasikia diski ikigonga tik tik kama kucha juu ya meza, simamisha kila kitu. Hilo litakuwa tatizo la chuma, na kila dakika ya kuzunguka inalizidisha. Ifunge kompyuta kwa nguo nene, na atakayepanda boti Mkoani kuja Unguja aipakate mwenyewe, isiwekwe na mizigo. Fundi yeyote atakayeipokea muulize swali moja kabla hujamwachia: je, atatengeneza nakala ya diski nzima kabla ya kugusa chochote?

Na kabla hujabonyeza Enter kwenye amri ya ddrescue, ipige picha kwa simu skrini ya lsblk pamoja na amri uliyoiandika, uniletee. Nitazilinganisha na kukujibu siku hiyo hiyo.